Jopo la Waamuzi au Mkono Wako: Mambo ya Kujifunza kwa Mary Cassatt Unapoanza Uchoraji

Ukianza kusomea uchoraji utamkuta Mary Cassatt chini ya picha za mama na mtoto, na maelezo mengi huishia hapo: mwanamke wa Kimarekani aliyeishi Ufaransa na kuchora pamoja na Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Paris waliofuata mwanga na rangi za papo hapo. Sisi tunaofundisha kuchora na kuchapa tunakuomba umsome kwa jicho la mtu wa kazi. Cassatt alihangaika na swali ambalo nawe utakumbana nalo mapema: nani mwenye haki ya kusema picha hii itoke au ibaki kabatini? Alijibu kwamba ni mchoraji mwenyewe, kisha akalisimamisha jibu lake juu ya ufundi, pesa na makubaliano ya maandishi. Wanafunzi wengi huchukua ule ukaidi wake na kuyaacha hayo matatu, na ndiyo maana hukwama.

Alizaliwa mwaka 1844 huko Allegheny City, Pennsylvania, mji ambao leo ni sehemu ya Pittsburgh. Alisoma katika Pennsylvania Academy of the Fine Arts, Philadelphia, wakati ambapo wanawake walichora sanamu za plasta lakini hawakuruhusiwa darasa la kuchora mtu hai asiye na nguo. Alipofika Paris mwaka 1866, École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha serikali, ilikuwa haipokei wanawake kabisa. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1897. Basi alilipia masomo ya faragha kwa mchoraji Jean-Léon Gérôme, akachukua kibali cha kunakili picha katika makumbusho ya Louvre, na baadaye akaenda Parma, Italia, kunakili kazi za mchoraji wa kale Correggio kwa oda ya askofu wa Pittsburgh.

Kunakili ndilo darasa ambalo hakuna wa kukufungia, ila nakili kwa mpango. Kosa la kila mara ni kuanzia jicho au kidole, kwa kuwa ndivyo vinavyovutia, na baada ya kazi ya muda wa saa tatu kichwa kinakuwa hakitoshei shingo. Anza na maumbo makubwa matano au sita. Fumba macho nusu hadi mambo madogo yapotee. Kinachobaki ni giza na mwanga, na hicho ndicho cha kuweka kwanza kwa mkaa. Usiguse rangi mpaka mkaa huo usomeke ukiwa umerudi nyuma hatua sita. Kila nakala iwe na swali lake moja: leo unatafuta kivuli kinavyogeuka kuwa mwanga shavuni, kesho unatafuta uzito wa mtoto unavyobebwa na mkono. Ukimaliza, ondoa picha uliyonakili na uichore tena kwa kumbukumbu kwenye karatasi ndogo kama kiganja. Sehemu usiyoweza kuikumbuka ni sehemu ambayo hukuitazama. Na kama unanakili kutoka kwenye simu, kumbuka kioo chake kinatoa mwanga chenyewe, kwa hiyo vivuli huonekana vyepesi na rangi huwa kali kuliko zilivyo kwenye turubai. Jifunzie hapo mpangilio na umbo, usijaribu kulinganisha rangi.

Maonyesho ya serikali ya Paris, yaliyoitwa Salon, ambako jopo la waamuzi lilichagua picha za kuingia, yalimpokea mara ya kwanza mwaka 1868 kwa picha ya mpiga mandolini. Mwaka 1875 walimkatalia picha. Aliifanya sehemu ya nyuma iwe nyeusi zaidi, akairudisha mwaka uliofuata, ikapita. Mwaka 1877 wakakataa kazi zake zote. Hilo la giza lichunguze vizuri, maana ndilo lililomfundisha jopo linavyofanya kazi: picha haikuwa imeboreka, ilikuwa imefanana zaidi na zile zilizozoeleka kupokewa. Waamuzi wanaopitisha mamia ya picha kwa siku chache hushika kile ambacho macho yao yamekizoea.

Kwa hiyo ukikosolewa, tenganisha aina mbili za maneno. Mkosoaji anayeweka kidole mahali fulani na kusema «mkono huu haubebi uzito wa mtoto» anakupa kazi ya kufanya; rudi ukaifanye, hata kama humpendi. Anayesema picha yako ni nyepesi mno, au haina hadhi ya maonyesho yetu, anakueleza ladha ya nyumba yake. Andika yote mawili kwenye daftari na tarehe zake. Baada ya maoni kumi hivi utaona yapi yanarudi kutoka kwa watu wasiojuana, na hayo ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Mwaka huohuo wa 1877 mchoraji Edgar Degas alimwalika ajiunge na kundi la Waimpreshonisti, lililokuwa likifanya maonyesho yake bila jopo. Miaka mingi baadaye Cassatt alimweleza Achille Segard, aliyeandika maisha yake, kwamba alikubali kwa furaha: hatimaye angefanya kazi kwa uhuru kamili bila kuwazia hukumu ya waamuzi. Walimu wake wa kweli alikuwa anawajua tayari, nao ni Manet, Courbet na Degas. Uhuru huo ulikuwa na sharti lake, kwamba anayeonyesha na kundi asipeleke kazi Salon. Cassatt alilipokea, ingawa Salon ndiko walikokuwa wanunuzi. Alionyesha nao mwaka 1879, 1880, 1881 na 1886. Maonyesho ya 1879 yalipata faida, kila mshiriki akapewa faranga 439, na fungu lake akalitumia kununua kazi ya Monet na ya Degas.

Usidhani kujitegemea kulimfanya akatae msaada. Kwenye picha ya msichana mdogo aliyejilaza kwenye kiti cha buluu, ya mwaka 1878, Degas alimshauri na hata akashika brashi sehemu ya nyuma ya chumba. Habari hiyo tunaijua kwa kuwa Cassatt mwenyewe aliiandika baadaye kwa Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa sanaa. Jopo la sehemu ya Marekani katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka huo liliikataa picha hiyo, ambayo leo ipo National Gallery of Art, Washington. Pokea mkono wa mwenzako unayeheshimu kazi yake, na useme wazi kwamba uliupokea. Kinachodhuru ni mtu mwenye uwezo wa kukuzuia. Marie Bracquemond, mchoraji mwingine wa kundi hilo, alikuwa na mkosoaji wa namna hiyo ndani ya nyumba: mumewe Félix, mchapaji mashuhuri, hakuupenda uimpreshonisti, na kufikia mwaka 1890 hivi Marie alikuwa ameacha kwa sehemu kubwa kuchora. Cassatt hakuolewa. Kuhusu ndoa kila mtu ataamua lake. Kuhusu mahali pa kufanyia kazi tunasema bila kusita, tafuta chumba chenye ufunguo mmoja, hata kiwe kidogo.

Sasa pesa. Familia ya Cassatt ilikuwa na uwezo, na kaka yake Alexander alikuja kuwa rais wa kampuni ya reli ya Pennsylvania. Ni haki mwanafunzi alijue hilo, asije akajilaumu kwa kushindwa kuishi kama mtu aliyekuwa na paa la uhakika. Lakini baba yake aliweka amri ngumu: studio ijilipie. Kodi, wanamitindo (yaani watu wanaokaa wachorwe), rangi na turubai vitoke kwenye mauzo. Cassatt aliogopa kwamba amri hiyo ingemsukuma kuchora picha za kuuzika tu. Kilichomsaidia ni kwamba hesabu ya studio ilitengwa na hesabu ya nyumba, na wewe fanya hivyo tangu picha ya kwanza. Kwa kila picha andika turubai, rangi, malipo ya mwanamitindo, fremu, usafiri na siku ulizofanya kazi. Wanaoanza husahau fremu na usafiri karibu kila mara, kisha wanashangaa picha iliyouzwa haikuacha kitu. Usipange bei kabla ya kuona jumla hiyo.

Mwanamke wa heshima Paris ya wakati ule hakuweza kukaa mkahawani hadi usiku akichora watu kama walivyofanya wenzake wanaume. Cassatt akachukua mahali alipofika: sebule, bustani, chumba cha kuogeshea mtoto, viti vya ukumbi wa opera. Dada yake Lydia na mama yake walikaa mbele yake awachore, na wengi wa wale «mama» wa kwenye picha zake za baadaye ni wanawake wa vijijini aliowalipa, wakiwa na watoto ambao mara nyingine hawakuwa wao. Ukimchora mtoto usimwambie atulie. Mpe maji ya kuchezea au kitu cha kushika, na chora mikao mitatu au minne kwa pamoja kwenye karatasi moja, ukirukia ule anaourudia. Dakika ishirini zinatosha, kisha pumzika. Uso uache mwisho. Mgongo, paja na mkono wa mama ndivyo vinavyoonyesha kwamba mtoto ana uzito.

Sehemu tunayotaka uitumie muda zaidi ni kuchapa, yaani kuhamisha picha kutoka kwenye bamba kwenda karatasi, kwa sababu huko ndiko uhuru wa Cassatt unakoonekana kwenye vidole. Mwaka 1890 kulikuwa na maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani pale École des Beaux-Arts, akamwandikia mchoraji mwenzake Berthe Morisot aje upesi aone. Kisha akatengeneza seti ya chapa 10 za rangi, kila moja nakala 25, zilizoonyeshwa mwaka 1891 kwa Durand-Ruel, mfanyabiashara wa sanaa mwenye ukumbi Paris. Njia yake aliieleza mwenyewe kwenye barua: alichora mistari kwa sindano kavu, yaani kwa kukwaruza bamba la shaba moja kwa moja, akaihamishia kwenye mabamba mengine mawili, yote kwa jumla yasizidi matatu kwa chapa moja, akatia akwatinta (njia ya unga na asidi tutakayoieleza hapa chini) mahali pa rangi, halafu rangi ikapakwa kwa mkono juu ya bamba kama itakavyoonekana kwenye karatasi.

Kwa sindano kavu, chukua bamba la shaba la unene wa milimita 1 hivi. Kingo zake zipige tupa kwa mshazari wa nyuzi 45, la sivyo zitakata karatasi na blanketi za mashine ya kuchapia. Sindano ya chuma inapokwaruza shaba, inainua tuta dogo pembeni ya mstari, na tuta hilo ndilo linaloshika wino na kutoa mstari laini wenye kivuli. Ukishika sindano wima kabisa, tuta huwa dogo pande zote mbili. Ukiilaza kiasi, huinuka upande mmoja na mstari unakuwa mnene. Hapa hakuna kufuta kirahisi. Mstari uliokosea husawazishwa kwa chuma cha kusugulia, na doa lake bado linaweza kuonekana. Ndiyo maana njia hii inafundisha kuchora haraka kuliko penseli: kila mstari lazima uamuliwe kabla ya mkono kushuka.

Wengi huharibu bamba wakati wa kufuta wino. Pasha bamba joto kidogo, sukuma wino ndani ya mistari kwa kitambaa, kisha futa kwa kitambaa chepesi cha matundu, ukizungusha mkono bila kukandamiza. Ukikandamiza, tuta linalala, na baada ya nakala tano mstari unakuwa mwembamba na mkavu. Hata kwa mkono mzuri tuta huchakaa kwa mgandamizo wa mashine, kwa hiyo usimwahidi mteja nakala mia. Karatasi iwe ya pamba, gramu 250 hadi 300 kwa mita mraba, uiloweke nusu saa hadi saa nzima, kisha uikaushe kati ya karatasi za kunyonya maji mpaka ising'ae. Ikiwa na maji mengi hukataa wino na kutoa madoa meupe. Ikiwa kavu, mistari myembamba inakatika.

Kuhamisha mistari kwenda bamba la pili ni rahisi ukiwahi. Chapa bamba la kwanza kwa wino mwingi kidogo, na nakala hiyo ikiwa bado mbichi ilaze juu ya bamba safi lenye ukubwa uleule, upitishe tena kwenye mashine. Wino utahamia kwenye shaba mpya na mistari itakaa upande uleule kama wa bamba la kwanza. Ukichelewa, karatasi inakauka na kunywea, na hata milimita moja ya kunywea itaonekana kama kivuli pembeni ya kila umbo kwenye chapa ya mwisho. Kwa sababu hiyohiyo mabamba yote matatu yachapwe kwa mfululizo karatasi ikiwa na unyevu uleule. Chora mipaka ya bamba kwenye karatasi ngumu chini ya kitanda cha mashine, na unapobadilisha bamba acha ncha ya karatasi ya kuchapia ikiwa imebanwa chini ya roli, isisogee.

Akwatinta ndiyo inayotoa yale maeneo bapa ya rangi. Unga laini wa rozini, yaani utomvu mkavu wa msonobari, unanyunyizwa juu ya bamba safi lisilo na mafuta ya vidole, kisha bamba linapashwa joto kutoka chini mpaka chembe zigeuke kutoka nyeupe hadi kung'aa. Zima joto hapohapo. Baadaye bamba hutiwa kwenye asidi, nayo hula shaba kati ya chembe na kuacha vishimo vya kushika wino. Ukizidisha, chembe zinayeyuka na kuungana, asidi inakosa pa kupita na rangi haishiki. Sehemu zisizotakiwa zifunike kwa vanishi. Kabla ya bamba lenyewe, jaribu kipande cha shaba kwa nusu dakika, dakika moja, mbili na nne, ukifunika ukanda mmoja kila hatua, ili ujue asidi yako leo ina nguvu gani, maana joto la chumba hubadilisha mambo. Unga wa rozini unashika moto na unaumiza mapafu: vaa barakoa nzuri ya vumbi, usiurushe hewani karibu na moto, na fungua madirisha. Mahali pa asidi kali ya wachapaji wa zamani tumia kloridi ya chuma, kwa glavu na miwani. Na kama ni lazima kuchanganya asidi, asidi inamwagwa ndani ya maji; kinyume chake huruka usoni.

Rangi zinapakwa kwa vitambaa vidogo vilivyoviringishwa, kila rangi na kitambaa chake, na kwa kila nakala unaanza upya. Ndiyo maana hakuna nakala mbili za Cassatt zinazofanana kabisa. Rangi mbili zinazogusana usiziweke kwenye bamba moja kama unaweza kuzitenga, kwa kuwa zitachafuana wakati wa kufuta. Cassatt alifanya kazi hiyo pamoja na mchapaji wake, Leroy. Aliandika kwamba mara nyingine walifanya kazi kwa muda wa saa nane wakijituma wote wawili, wakapata nakala nane au kumi tu kwa siku. Piga hesabu: nakala 250 kwa mwendo huo ni siku 25 hadi zaidi ya 30 za kuchapa peke yake, kabla ya kuhesabu majaribio, na ile ya kwanza, ya kumwogesha mtoto, ilipitia hatua zaidi ya 10. Chini ya chapa aliandika kwamba zimechapwa na msanii pamoja na bwana Leroy, na kwamba ni nakala 25. Iga yote mawili. Mtaje aliyekusaidia, taja idadi, na idadi ikitimia likwaruze bamba kwa mstari mkubwa wa kukata picha, ili nakala ya 26 isije ikatokea mikononi mwa mtu mwingine.

Mwaka huo wa 1891 chama cha wachoraji wachapaji wa Ufaransa kiliamua kwamba wageni hawataonyesha nacho. Cassatt alikuwa Mmarekani, na mwenzake wa kundi, Camille Pissarro, alizaliwa katika visiwa vya Karibiani vilivyokuwa vya Denmark. Wakaonyesha kazi zao kwa Durand-Ruel huohuo, vyumba vya pembeni. Waliweza kwa sababu kazi zilikuwa zimekwisha kuchapwa na mwenye ukumbi aliwajua tayari. Mtu anayeanza kutafuta ukumbi siku aliyokataliwa anakuwa amechelewa miezi mingi.

Oda yake kubwa kuliko zote ilikuwa mchoro wa ukutani kwa ajili ya jengo la wanawake katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, aliyoagizwa na Bertha Palmer, aliyeongoza kamati ya wanawake ya maonyesho hayo: wanawake wa kisasa wakichuma matunda ya maarifa. Turubai lilikuwa na urefu wa mita 17 hivi, naye akachimbiwa handaki la kulishushia ili achore sehemu ya juu bila kupanda ngazi. Masharti ya mkataba nusura yamfanye ajitoe. Mchoro ulitundikwa juu sana, na wengi waliona watu wake ni wadogo mno kwa umbali ule. Baada ya maonyesho ukapotea, zikabaki picha za kamera tu. Ukipata kazi ya ukuta, kata mtu mmoja wa karatasi kwa ukubwa kamili, umpandishe mahali halisi, urudi nyuma hadi atakaposimama mtazamaji. Kama mkono hausomeki, ongeza ukubwa kabla ya kununua rangi. Mkataba useme malipo yatolewe kwa awamu zipi, nani analipia usafiri na upandishaji, nani mwenye kazi baada ya maonyesho, na itahifadhiwa wapi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na huwezi kukiongeza jengo likishaanza kubomolewa.

Mwaka 1904 Pennsylvania Academy ilimpa tuzo ya Lippincott. Aliikataa, akaandika kwamba yeye ni wa kundi lililoanzisha maonyesho huru, na msimamo wao ulikuwa hakuna jopo, hakuna medali, hakuna tuzo. Mwaka huohuo alipokea nishani ya serikali ya Ufaransa, Légion d'honneur, na wapo wanaosema alijipinga. Sisi tunaona tofauti: nishani ile haikuchagua picha moja na kuzitupa nyingine ukumbini, na vita vyake vilikuwa hapo hasa, kwa mchoraji kijana anayefungiwa mlango. Wakati Carnegie Institute ya Pittsburgh ilipotaka awe mwamuzi, alikataa pia, akisema asingeweza kujisamehe kama picha za mtu zingekataliwa kwa mkono wake, maana anajua hilo linamaanisha nini kwa anayeanza.

Wewe utaalikwa kwenye meza ya namna hiyo mapema kuliko unavyofikiri, pengine darasani kwako tu. Ukiona huwezi kukataa, omba kabla ya kukaa kwamba kila kazi itakayoachwa iandikiwe sababu inayoonyesha mahali kwenye picha, na kwamba sababu hiyo apewe mwenye picha siku hiyohiyo.